Kurekebisha rangi ya video: nianze na Resolve, Premiere, Kdenlive au CapCut?

PichaZaDunga (Kisumu)
Hamjambo wadau. Napiga video za harusi na matanga hapa Kisumu, mara nyingine navuka hadi Siaya na Vihiga. Kukata na kupanga klipu nimezoea, rangi ndiyo inayonitoa jasho. Jumamosi iliyopita wenye harusi walikodi mahema ya buluu. Kila aliyeketi chini yake ametoka na uso wa buluu, shati jeupe la bwana harusi ni la buluu, hata wali ni wa buluu. Mama wa bibi harusi akaniuliza, "Mwanangu, mbona umetufanya wagonjwa?" Sikuwa na jibu.

Laptopu yangu ina RAM ya GB 8 na haina kadi ya picha ya peke yake. Nimetajiwa programu hizo nne. Mngekuwa mimi mngeanzia wapi?

FundiMenengai (Nakuru)
Resolve, bila kuzunguka. Jina lake kamili ni DaVinci Resolve. da Vinci ilikuwa mashine ya kurekebisha rangi za filamu miaka mingi kabla kampuni ya Blackmagic Design hawajainunua mwaka 2009, na ukifungua ukurasa wa rangi unaona ndiyo kazi iliyozaliwa nayo. Unafanya kazi kwa noudi, yaani visanduku vya marekebisho vinavyofuatana: ya kwanza mwanga, ya pili mizani ya weupe (kufanya cheupe kionekane cheupe), ya tatu kukolea kwa rangi. Ukiharibu ya pili unaizima hiyo tu, zingine haziguswi. Anayejifunza anaona kosa lake limekaa wapi.

Ni ya bure na haichapi alama kwenye video, mradi usiguse vitu vya toleo la Studio. Mimi niliwahi kubonyeza kipunguza chengachenga (vile vitone vinavyocheza kwenye picha) kwenye video ya mkesha, alama ikatokea katikati ya uso wa mchungaji. Studio ni dola 295, lakini unalipa mara moja tu.

NyarKisumo (Kisumu)
Fundi, unamtuma kijana shambani bila jembe. GB 8 bila kadi ya picha? Resolve itafunguka, halafu italala hapo kama ng'ombe barabarani. Nilipitia hayo.

Mimi ni wa Premiere. Paneli yake ya rangi, Lumetri, imepanga vitu juu kwenda chini, kuanzia mizani ya weupe. Unashuka nayo tu. Ubaya wake ni malipo ya kila mwezi. Januari harusi hakuna, bili ipo.

FundiMenengai
Na hiyo Premiere inakula RAM ileile, dada. Zote mbili kwa mashine kama hiyo utatengeneza nakala nyepesi za klipu kwanza, uhariri hizo.

MwalimuWaKwaya (Bungoma)
Mnamtisha mtoto wa watu bure. Mimi nina CapCut kwenye simu, natelezesha joto la rangi mpaka nyuso zinarudi. Kwaya nzima wameridhika.

KijanaWaKakamega
Mwalimu, uliridhika usiku na simu yako ikiwa kwenye ule mwanga wa njano wa kulinda macho? Jicho huzoea haraka. Ukikaa dakika kumi mbele ya picha ya buluu, utaanza kuiona ni nyeupe. Ndiyo maana mimi nasema Kdenlive. Ni ya bure, si nzito sana, na ina skopu: chati zinazokuonyesha rangi ilivyo, hata macho yako yaseme nini. Inafanya kazi Windows na Linux pia. Resolve ya bure kwenye Linux haifungui H.264, yaani muundo wa video wa simu nyingi. Niligundua hilo baada ya kumaliza bando zima kuipakua.

NyarKisumo
Hapo kwa skopu nakubali.

FundiMenengai
Kijana amenishinda kwa hoja ya mashine, basi nichangie kwenye skopu. PichaZaDunga, fungua ile chati inayotenga nyekundu, kijani na buluu bega kwa bega. Tafuta kitu unachojua ni cheupe, kama lile shati. Utaona buluu imepanda juu na nyekundu imezama. Shusha buluu na upandishe nyekundu kwenye gurudumu la sehemu nyangavu mpaka vilele vya shati vilingane. Kisha tazama vivuli, navyo huwa na buluu yake.

Halafu nyuso. Mafunzo mengi mtandaoni yanasema uso ukae karibu na asilimia 70 ya mwanga. Hao wanapima ngozi nyeupe. Uso wa mtu wetu ukiusukuma huko unageuka majivu. Uache chini, hata 40 ni sawa. Rangi yenyewe ipime kwenye ile skopu ya duara: ina mstari wa ngozi, na ngozi zote, nyeusi na nyeupe, huangukia karibu nao. Tofauti kubwa iko kwenye mwanga.

Ila usitarajie miujiza. Kitambaa cha buluu kinazuia mwanga mwekundu, na ambacho hakikuingia kwenye kamera hakirudishwi na programu yoyote. Ukivuta nyekundu kwa nguvu utapata chengachenga.

PichaZaDunga
Nimejaribu Kdenlive jana usiku. Shati limekuwa shati, na bibi harusi ana rangi yake. Asanteni sana. Lakini kuna klipu moja ndefu, maarusi wanatoka hemani kwenda kukata keki juani. Ndani wako sawa, wakifika nje nyasi zinakuwa za machungwa.

NyarKisumo
Mwanga umebadilika na marekebisho yako ni yaleyale. Kata klipu pale wanapovuka ukingo wa hema, kila kipande kipe marekebisho yake, na uyafifishe kidogo pale yanapokutana. Na kamera iliwekwa weupe wa kujirekebisha yenyewe?

PichaZaDunga
Ndiyo.

NyarKisumo
Basi imekuwa ikihama polepole katikati ya klipu, na hilo ni gumu kulifukuza. Kesho kutwa ukifika kazini, shika karatasi nyeupe chini ya hema, ipimie kamera weupe hapo hapo, uufunge usibadilike.

MwalimuWaKwaya
Au awaambie wenye harusi wakodi mahema meupe.

NyarKisumo
Mwalimu, wewe utamwambia mama wa bibi harusi?