Kurahisisha Calamares (kisakinishi cha Linux) kwa walimu wanaosakinisha Linux wenyewe: tuanzie wapi?

Nkuhungu_Huria

Wakuu, mbukwenyi. Tunaandaa ISO (faili ya kutengenezea flashi ya kusakinisha) ya Debian, aina mojawapo ya Linux, yenye mwonekano wa Xfce, kwa vyumba vya kompyuta vya sekondari za Chamwino, Bahi na Kongwa. Anayesakinisha ni mwalimu wa TEHAMA, hana fundi pembeni, na mara nyingi hana bando. Mashine ni mchanganyiko: laptopu za mtumba zenye Windows 10 na za mezani za zamani.

Flashi inawaka vizuri, ila watu wanakwama palepale kila siku. Ukurasa wa diski unawachanganya, chaguo la kuweka Linux pamoja na Windows mara nyingine halionekani kabisa, na kuna mashine zinafika karibu na mwisho ndipo zinatoa kosa la GRUB (programu inayouwasha mfumo). Kabla hatujaanza kuchora kurasa mpya, mipangilio gani ya Calamares ibadilishwe? Wapo kwenye kikundi wanaotaka "futa diski yote" iwe imeshachaguliwa ili kupunguza maswali.

Fundi_Makole

Mkuu, hilo la mwisho liacheni kabisa. Kompyuta ya shule ina alama za wanafunzi na mitihani, na nakala nyingine hakuna. Fungueni `/etc/calamares/modules/partition.conf`, wekeni `initialPartitioningChoice: none`. Hapo mtu hawezi kuendelea mpaka achague kwa mkono wake. Katika usakinishaji mzima hilo ndilo swali ambalo ukilijibu vibaya faili zimekwenda, kwa hiyo lisifichwe.

Chaguo la kuweka pamoja na Windows hupotea kwa sababu mbili kubwa, na Calamares haimwambii mtumiaji ni ipi. Ya kwanza ni Fast Startup, yaani kuwaka haraka kwa Windows. Windows 10 ikizimwa kawaida haizimiki yote: kiini chake kinahifadhiwa kwenye diski na NTFS (mfumo wa faili wa Windows) inaachwa bila kufungwa, kwa hiyo kifaa cha kupunguza ukubwa kinakataa kuigusa. Dawa yake, ndani ya Windows, fungua CMD kama msimamizi na uandike:

`powercfg /h off`

kisha zima mashine upya. Ya pili ni BitLocker, kufuli la Windows linalosimba data za diski. Angalia kwa `manage-bde -status`. Ikiwa C: imefungwa, andika `manage-bde -off C:` na usubiri hadi isome Fully Decrypted. Kwenye diski ya sahani inaweza kuchukua saa kadhaa, na mwalimu aambiwe hivyo mapema ili asidhani imeganda. Kama mashine ni ya ofisi na kufunga diski ni agizo la mwajiri, asiifungue bila ruhusa.

Haya yote yanafanyika kabla ya kuchomeka flashi. Chapisheni karatasi moja iende pamoja na flashi, maana mtu akishafika kwenye ukurasa wa diski amechelewa. Pia achomoe diski za nje na flashi nyingine zote. Orodha ya diski inaonyesha modeli na ukubwa, lakini diski mbili za GB 500 zikiwa pamoja, mgeni atazitofautisha vipi?

Kizota_UEFI

Nitagusa la GRUB. Menyu ya kuwashia huonyesha flashi ileile mara mbili: mstari mmoja unaanza na neno UEFI (njia mpya ya kuwasha kompyuta), mwingine hauna (njia ya zamani, BIOS). Windows ikiwa imewekwa kwa UEFI na mtu akawasha flashi kwa mstari usio na UEFI, Calamares itajaribu kuweka GRUB ya BIOS kwenye diski ya GPT (mpango mpya wa kugawa diski). Isipopata kisehemu kidogo cha bios_grub, inagoma, tena mwishoni, baada ya kunakili kila kitu.

Kwa Windows iliyopo, `msinfo32` inaonyesha BIOS Mode: ikisoma UEFI, flashi nayo iwashwe kwa UEFI. Kama ISO yenu inatumia isolinux (programu nyingine ya kuwashia) upande wa BIOS na GRUB upande wa UEFI, mna nafasi nzuri hapo, kwa sababu menyu ni faili mbili tofauti. Kwenye ile ya isolinux andikeni wazi: "Kama kompyuta hii ina Windows ya UEFI, zima, washa tena na uchague mstari wenye UEFI." Mashine za zamani zisizo na UEFI zinaendelea kama kawaida.

MamaSeva_Ipagala

Naongezea umeme na intaneti. Kwenye `welcome.conf`:

`check: [storage, ram, power, internet, root]`
`required: [storage, ram, power, root]`

Check ni vya kukaguliwa, required ni vya lazima. Power ikiwa kwenye required, laptopu isiyo kwenye chaja haitaruhusiwa kuanza. Ya mezani haina betri, hivyo inapita tu. Hiyo itafutiwe UPS, hasa kama NTFS inapunguzwa, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo data zinaweza kuharibika. Internet msiiweke kwenye required. Halafu kwenye `packages.conf` wekeni `skip_if_no_internet: true`, la sivyo shule isiyo na mtandao itapata kosa wakati wa kusasisha orodha ya vifurushi.

`locale.conf`: region: "Africa", zone: "Dar_es_Salaam". Msiuondoe ukurasa wa locale (eneo, saa na lugha) kwenye `settings.conf` kwa nia ya kufupisha, kwa sababu hatua ya localecfg inategemea majibu yake.

Kibodi iwe US ya kawaida. Ile ya US International inashikilia alama ya juu ikisubiri herufi: mtu anaandika ng'ombe, inatoka ngómbe. Kwenye nywila haoni anachoandika, na baadaye hataweza kuingia.

Nkuhungu_Huria

Asanteni sana, "futa diski yote" tumeliondoa. Je, onyo letu la Kiswahili kuhusu nakala za faili liwekwe kwenye picha zinazopita wakati wa kusakinisha?

Fundi_Makole

Hapana, zile zinaonekana wakati diski imeshaguswa. Angalia kama moduli ya notesqml (ukurasa wa maelezo) imo kwenye kifurushi chenu. Ikiwepo, iweke kwenye show (orodha ya kurasa ndani ya `settings.conf`) kabla ya partition. Kisha jaribuni kwenye VirtualBox (programu ya kuiga kompyuta) mashine mbili, moja ikiwa na Enable EFI na nyingine bila, zote mtandao umezimwa.