Asiyeridhika na CCM wala ACT-Wazalendo ampigie nani kura?

Mkaazi wa Wete

Assalaam alaykum ndugu zangu. Swali hili nauliza kwa dhati, wala sina nia ya kukichafua chama chochote. Tangu vyama vingi viliporudi mwaka 1992, sisi wa Visiwani, yaani Zanzibar, tumekuwa tukichagua baina ya pande mbili tu. Mwaka 2010, katika kura ya Rais wa Zanzibar, Dkt. Shein wa CCM alipata asilimia 50.1 na Maalim Seif wa CUF, chama cha upinzani, asilimia 49.1, maana yake wagombea wengine wote kwa pamoja hawakufikia hata asilimia moja. Mwaka 2019 Maalim alipotoka CUF na kuingia ACT-Wazalendo, wafuasi wake wengi walihama naye, matawi yakapakwa rangi mpya, na pande zikabaki mbili zile zile. Mimi nataka mtu wa kunisemea juu ya bei ya karafuu na maji ya bomba, lakini kila anayekuja shehiani (mtaani) kwetu kuomba kura hutaka kwanza kujua niko upande gani. Je, iko njia ya kisheria ya kutoka hapa?

Wakili wa Vuga

Wa alaykum salaam. Njia ni finyu sana. Mgombea binafsi haruhusiwi, kwani kila mgombea lazima adhaminiwe na chama. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania jambo hilo mahakamani kwa miaka mingi. Mahakama ya Rufani mwaka 2010 ikasema ni suala la Bunge, na mwezi Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha ikaamua kwamba katazo hilo linavunja haki ya raia ya kushiriki katika uongozi wa nchi yake. Katazo lingalipo.

Kuanzisha chama nako si kazi nyepesi. Usajili wa kudumu unataka wanachama wasiopungua 200 katika kila mkoa, kwa mikoa isiyopungua 10 ya Jamhuri ya Muungano, na angalau miwili iwe ya Zanzibar, mmoja Unguja na mmoja Pemba. Sababu yake naielewa, nayo ni kuzuia vyama vya kubagua upande mmoja wa Muungano. Hata hivyo, matokeo yake ni kwamba wakulima wa karafuu wa Pemba hawawezi kusajili chama chao bila kwanza kutafuta mamia ya wanachama Tanzania Bara.

Kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni mfumo wa jimbo moja mshindi mmoja. Mwaka 1963, kabla ya Mapinduzi, chama cha Afro-Shirazi (ASP) kilipata zaidi ya nusu ya kura zote lakini kikaambulia viti 13 kati ya 31. Mwaka 1995 CUF ilichukua viti vyote 21 vya Pemba, na wana-CCM wa huko, ambao walikuwepo, wakakosa mwakilishi wa jimbo hata mmoja. Mfumo wa uwiano, yaani viti kugawanywa kwa kadiri ya kura za kila chama, ungempa nafasi hata mtu wa chama cha tatu.

Mzee wa Kikwajuni

Mwanangu wa Wete, chama cha tatu tuliwahi kuwa nacho. Januari 1961 ASP ilipata viti 10, Hizbu (chama cha ZNP) viti 9, na ZPPP, chama cha Mohammed Shamte, viti 3. Wale watatu wakagawanyika, wawili Hizbu na mmoja ASP, pande zikawa 11 kwa 11, na uchaguzi ukarudiwa mwezi Juni kwa fujo zilizoua watu 68. Kwa hiyo msidhani kwamba kuongeza vyama peke yake kunatuliza nchi. Mimi naiheshimu Serikali ya Umoja wa Kitaifa, ambamo mshindi na wa pili hutawala pamoja, kwa sababu nakumbuka Januari 2001, watu walipouawa Pemba katika maandamano ya kupinga matokeo ya uchaguzi na wengine wakakimbilia Shimoni, Kenya.

Bint Mkoani

Shikamoo mzee. Umoja huo nami nauheshimu, lakini tukubali kwamba ulijengwa kwa ajili ya wawili. Umakamu wa Kwanza wa Rais ni wa chama kilichoshika nafasi ya pili, na mawaziri hugawanywa kwa kufuata viti vya Baraza la Wawakilishi. Wa tatu hana la kutarajia, na mpiga kura analijua hilo kabla hajaingia kituoni. Ndugu wa Wete, karatasi ya kura ya diwani ni tofauti na ya Rais. Angalau hapo mpime mtu kwa kazi yake.

Mkaazi wa Wete

Nashukuru nyote. Ushauri wa diwani nitaufuata. Kwa mwakilishi bado nimekwama, kwa sababu katika majimbo mengi mshindi hupatikana kwenye kura za maoni ndani ya chama, ambako asiye na kadi haruhusiwi kuingia, na hata huko vikao vya juu vinaweza kumweka kando aliyeongoza. Wakili, unaonaje: nichukue kadi ya chama nisichokipenda ili angalau nishiriki kumchagua mgombea wake, au nikifanya hivyo nitakuwa nimejihesabu mimi mwenyewe katika upande ninaoukataa?