Besiboli ya siku hizi pitcha (mrushaji wa mpira) anatolewa akiwa wa moto, hivi hawa makocha wana akili kweli?

Wakuu naombeni nitoe dukuduku langu maana nina hasira sio za kawaida. Najua humu wanaofuatilia besiboli tupo wachache, wengi ni sisi tulioko Marekani, ila nisomeni tu.

Jana nimelipa tiketi hela ndefu, paking nayo wanakukamua, yote hiyo kisa nikamwone pitcha mmoja. Jamaa alikuwa moto, wapigaji wanakuja wanapepesuka wanarudi benchi, kufika iningi ya sita (yaani raundi ya sita kati ya tisa) kocha huyooo anajitembelea zake uwanjani, kanyoosha mkono, nipe mpira. Walioingia baada yake sitaki hata kuwasema.

Na hawakomi tu. Fainali ya 2020 dhidi ya Dodgers, gemu ya sita, pitcha Blake Snell wa Tampa Bay karusha mipira 73 tu, kapigwa vizuri mara mbili tu (hiti), kawatoa wapigaji tisa kwa kuwakosesha mpira (straikiauti), wanaongoza 1-0, wakamtoa! Eti data inasema mpigaji akikutana na pitcha mara ya tatu anakuwa kashamzoea. Kamzoea wapi? Wale watatu wa Dodgers waliokuwa wanafuata walishakutana naye mara sita kwa jumla na mara zote sita ni straikiauti, yaani hata mpira hawauoni! Dodgers wakashinda 3-1, kombe hilo likaenda.

Mwaka 1963 pale San Francisco, mapitcha Juan Marichal na Warren Spahn walirushiana iningi 16, Marichal mipira 227, Spahn 201 na huyo Spahn ana miaka 42, mpaka Willie Mays alipopiga homurani (mpira ukapaa nje ya uwanja) ikaisha 1-0. Pitcha Bob Gibson 1968 alianza mechi 34 akamaliza mwenyewe 28, kuona hivyo mwaka uliofuata wenye ligi wakashusha kilima anachosimama pitcha kutoka inchi 15 mpaka 10 ili wapigaji nao wapumue.

Sawa, enzi hizo mikono iliharibika, pitcha Sandy Koufax alistaafu na miaka 30 tu. Lakini hawa wanaodekezwa mbona ndio kila leo wanapasuliwa viwiko? Ripoti ya MLB (ligi kuu ya besiboli Marekani) wenyewe ya Desemba 2024 ilisema tatizo ni kukimbizana na spidi, kila mpira mtu anarusha kwa nguvu zote. Sasa unamfundisha kijana arushe maili 100 kwa saa halafu unamwonea huruma ya idadi ya mipira?

Pitcha Yamamoto wa Dodgers kamaliza iningi zote tisa za gemu moja kwenye fainali 2025 kwa mipira 105, mkono haukuchomoka. Nyie watu wa data njooni mnijibu, na msiniletee grafu.