Majukwaa ya mashabiki wa gemu yanayoiga mengine: kwa nini mengi hayadumu?

Mlinda Goli (mwanzisha mada)

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni mmoja wa wasimamizi wa kundi la WhatsApp la wachezaji wa eFootball, ile gemu ya mpira wa miguu, wengi wetu tukiwa Dar es Salaam na Mombasa, na kwa muda sasa tumegawanyika kuhusu jambo moja. Baadhi ya wenzetu wanataka tuhame na kufungua jukwaa letu la Kiswahili, lenye ubao wake kwa kila gemu, ngazi za wanachama, alama za kila siku, na kanuni zinazofanana kabisa na zile za majukwaa makubwa ya Marekani ambayo wamekuwa wakiyasoma tangu wakiwa shuleni. Hoja yao ni kwamba kwenye WhatsApp kila jibu zuri hupotea: mtu akieleza leo namna ya kuhamisha akaunti yako kutoka simu ya zamani kwenda simu mpya, wiki mbili baadaye mwingine anauliza swali lilelile, na jibu la kwanza limekwisha kufukiwa na matokeo ya mechi, vichekesho na salamu za asubuhi. Hilo silipingi hata kidogo.

Kinachonitia wasiwasi ni kwamba kila ninapopitia historia ya jumuiya hizi ninakuta masalia ya majukwaa yaliyoigwa: rangi zilezile, ngazi zilezile, na ujumbe wa mwisho ulioandikwa miaka mingi iliyopita. Wakati huohuo yapo yaliyoanza kwa kuiga ambayo leo yana watu wengi kuliko yale yaliyoyazaa. Naomba wenye kuifahamu historia hii wanieleze tofauti iko wapi. Habari ya programu ipi itumike tuiache. Vijana wa kulishughulikia hilo tunao.

Katriji ya Zamani

Mkuu, mfano unaofaa kuanza nao ni GameFAQs, kwa sababu silijui jukwaa la gemu lililoigwa na watumiaji wake wenyewe kwa bidii kama hilo. Lilianza mwaka 1995 nchini Marekani kama ghala la miongozo, yaani maelezo ya namna ya kuimaliza gemu, likiendeshwa na mtu mmoja, Jeff Veasey, na halikuwa na mahali pa mazungumzo hadi mbao za ujumbe zilipoongezwa mwaka 1999. Ukifungua mwongozo wa enzi hizo utakuta maandishi matupu yenye herufi za upana sawa, jina la gemu limechorwa juu kwa vistari na mabano, chini yake orodha ya matoleo na tarehe zake, kisha onyo la mwandishi kwamba faili lake haliruhusiwi kuwekwa kwenye tovuti yoyote isipokuwa zile alizozitaja. Nani angejisumbua kuandika onyo kama hilo kama hakuna aliyekuwa akichukua kazi za watu na kuzibandika kwingine?

Sasa angalia namna wanachama walivyopatikana. Mtu amekwama katikati ya Final Fantasy VII, amekuja kutafuta mwongozo, mwongozo haukumaliza tatizo lake, akaona ubao wa gemu hiyohiyo uko kando, akauliza, akajibiwa, akabaki. Hakualikwa na mtu. Kesho yake akaja mwingine kwa njia hiyohiyo, na mwaka 2003 kampuni ya CNET iliponunua tovuti ile, mkondo huo wa wageni ndio uliokuwa na thamani zaidi ya kitu kingine chochote kilichokuwamo.

Waigaji walichukua kila kitu kinachoonekana kwa macho. Waliandika programu zao wenyewe ili kurasa zifanane, wakaweka karma, yaani alama inayoongezeka kwa kila siku unayoingia na kupunguzwa unapovunja kanuni, wakaweka ngazi zinazopanda kufuatana na karma hiyo, na hata lugha ya wasimamizi wakainakili. Ghala la miongozo hawakulichukua, na wasingeweza, kwa kuwa kila mwongozo ni mali ya aliyeuandika. Kwa hiyo jukwaa la pembeni lilianza na marafiki wenye hamasa kubwa, likachangamka, kisha kila aliyepata kazi, aliyeoa au aliyechoka tu hakupata wa kuziba nafasi yake. Kabla hamjagusa kanuni wala rangi, jiulizeni mtu asiyemjua yeyote kati yenu ataingia humo akitafuta nini.

Bi Zuhura

Kaka Katriji, maelezo yako nayakubali, ila hukumu siikubali. Unayapima majukwaa yale kwa idadi ya watu, ilhali mengi hayakuanzishwa ili yakue. GameFAQs ilikuwa na ubao mmoja wa mazungumzo ya jumla ulioitwa Life, the Universe, and Everything, ambao wenyewe waliuita LUE, na ubao huo ulifika mahali ukafungwa kwa akaunti mpya. Watu wake walikwisha kujuana, wana mizaha yao, wana kumbukumbu zao, na gemu zilikuwa kisingizio tu. Mwaka 2004 baadhi yao wakajitengea mahali palipoitwa LUElinks, baadaye End of the Internet, ambapo uliingia kwa kualikwa, na palidumu kwa miaka mingi ingawa mtu wa nje asingeweza hata kusoma. Kwao mgeni alikuwa ndiye tatizo lililowafanya wahame. Kusema kwamba jukwaa kama hilo limeshindwa kwa sababu halikupata wageni ni kulilaumu kwa kutofanya jambo ambalo halikulikusudia.

Kwa hiyo, ndugu Mlinda Goli, sharti kwanza wenzako waseme wanataka lipi. Kama wanataka baraza lao wenyewe la kupiga soga, basi hilo mnalo tayari na linaitwa WhatsApp. Kama wanataka majibu yahifadhiwe ili kijana wa Tabora asiyewajua ayakute, hapo ndipo hoja ya Katriji inaposimama.

Kuna jambo jingine ambalo halijasemwa. Yapo majukwaa ya kuiga yanayozaliwa kwa sababu lile la asili limekufa. Nintendo walipofunga jukwaa lao la NSider mwaka 2007, mashabiki walifungua NSider2. Kampuni hiyohiyo ikaanzisha Miiverse mwaka 2012 pamoja na konsoli ya Wii U, ikaifunga mwezi Novemba 2017, na mara yakajitokeza majukwaa ya mashabiki yaliyoiga sura yake, mojawapo likiitwa Closedverse. Niliwahi kupita humo. Rangi ya kijani ilikuwapo, na kitufe cha "Yeah!" kilikuwapo, lakini Miiverse ya kweli ilikuwa ndani ya konsoli: ulisimamisha gemu hapohapo ulipo, ukachukua kalamu ya Wii U, ukachora kikatuni cheusi juu ya ubao mweupe kuhusu adui aliyekushinda dakika ile, na kikasomwa na watu waliokuwa wakicheza gemu hiyohiyo. Sura ya tovuti unaweza kuinakili usiku mmoja. Kuifanya konsoli ya kampuni ikuletee wachezaji, shabiki hana uwezo huo.

Msafiri wa Seva

Nyote wawili mmezungumzia walioondoka wachache wachache. Ipo namna nyingine ya kuhama ambayo ndiyo iliyozaa waigaji wakubwa, nayo ni pale wasimamizi wanapoondoka pamoja na watu.

Jukwaa la NeoGAF lilikuwa kwa miaka mingi mahali ambapo waandishi wa habari za gemu na hata watengenezaji wenyewe walikwenda kusoma maoni. Mwezi Oktoba 2017 zilitoka tuhuma dhidi ya mmiliki wake, ambazo alizikanusha. Wasimamizi wengi wakajiuzulu, tovuti ikazimika kwa muda, na tarehe 24 mwezi huohuo waliokuwa wanachama wake wakafungua ResetEra. Ukiitazama ResetEra ya siku zile ungeweza kudhani umekosea anwani, kwa maana majina yalikuwa yaleyale, mada kuu kwa kila gemu mpya zilikuwa zilezile, na mtu aliyekuwa akifungua uzi, yaani mada, wa mauzo ya gemu kila mwezi aliufungua hapo hapo. Haikuhitaji kutafuta wageni, kwa sababu wasomaji waliwafuata watu waliokuwa wakifanya kazi. NeoGAF nayo haikufa. Ilibaki ikiwa ndogo na yenye tabia tofauti.

Tena msidhani kuwa asili na nakala ni vitu viwili vilivyotenganishwa na ukuta. Jukwaa la Japani la 2channel lilifunguliwa mwaka 1999 na Hiroyuki Nishimura, wakati huo akiwa mwanafunzi katika jimbo la Arkansas, nalo lilifuata nyayo za jukwaa la awali lililoitwa Amezou. Mwaka 2001, ilipoonekana kwamba 2channel huenda ikafungwa, watumiaji walifungua Futaba Channel kama kimbilio, na humo picha zikapata nafasi kubwa. Mwaka 2003 kijana wa Kimarekani wa miaka 15, Christopher Poole, akachukua programu ya Futaba, akaitafsiri, akafungua 4chan, ambayo ubao wake wa gemu ulikuja kuwa miongoni mwa zenye kelele zaidi. Kisha mwaka 2015 Poole akaiuza 4chan kwa Nishimura yuleyule. Mwenye jukwaa la kwanza alinunua mjukuu wake.

Nakala hurithi pia sababu ya watu kuhama, na hapa naomba msimamizi asome kwa makini. Mwaka 2014, 4chan ilipopiga marufuku mazungumzo ya Gamergate, kampeni ambayo kwa kiasi kikubwa ilikuwa ya kuwaandama wanawake waliomo katika tasnia ya gemu, waliofukuzwa walihamia 8chan, jukwaa jingine la namna hiyohiyo, nalo likachukua tabia ya waliofukuzwa. Mkihama kwa sababu mnataka majibu yahifadhiwe, mtapata jukwaa la majibu. Mkihama kwa sababu ya ugomvi na admini fulani, ugomvi huo utakuwa mada yenu ya kwanza na utaendelea kuwa mada yenu.

Mlinda Goli

Nawashukuru sana. Bi Zuhura, nimewauliza wenzangu kama ulivyoshauri, na wengi wanasema wanataka kuhifadhi majibu. Nakiri hata hivyo kwamba miongoni mwao wapo wawili ambao hasira yao kwa mmoja wa admini wetu haijifichi. Swali langu la pili ni hili: majibu yaliyomo kwenye kundi sasa, je, tunaweza kuyachukua na kuyaweka kwenye jukwaa jipya ili mgeni wa kwanza asikute nyumba tupu?

Mhariri wa Wiki

Hapo umefika kwenye eneo langu. Wiki za gemu, yaani tovuti za maelezo zinazoandikwa na mashabiki wenyewe, zinahama kwa urahisi kuliko majukwaa, na sababu ni ya kisheria. Maandishi ya wiki nyingi hutolewa kwa leseni ya Creative Commons, inayoruhusu wengine wayatumie, kwa hiyo wahariri wanaweza kunakili kurasa zote na kwenda nazo, mradi wataje zilikotoka. Ndivyo wahariri wa WoWWiki walivyofanya mwaka 2010 walipoanzisha Wowpedia, ndivyo wiki ya gemu ya RuneScape ilivyoondoka Fandom, kampuni inayohifadhi wiki nyingi za mashabiki, mwaka 2018, na Minecraft Wiki ikafuata mwaka 2023. Ujumbe wa jukwaani au wa WhatsApp hauna leseni hiyo. Ni wa aliyeuandika. Muombeni ruhusa kila mwenye jibu refu, na yale mafupi yaandikeni upya kwa maneno yenu.

Lakini leseni ina upande wa pili. Wahariri wanapoondoka Fandom, nakala ya zamani hubaki palepale, na Google huendelea kuitanguliza kwa kuwa viungo vya miaka mingi vinaelekea huko. Matokeo yake ni kinyume cha mambo: watu waliouandika ukurasa ndio wanaoonekana waigaji, na ukurasa ulioachwa ukiwa na taarifa zilizopitwa na wakati ndio unaosomwa. Hali imekuwa kero kiasi kwamba wapo mashabiki waliotengeneza kiongezo cha kivinjari, Indie Wiki Buddy, ambacho kazi yake ni kukuelekeza kwenye wiki huru unapoangukia ile ya zamani. RuneScape walipata nafuu kwa sababu kampuni ya Jagex, yenye gemu hiyo, iliwaunga mkono, na ndani ya Old School RuneScape kuna kitufe cha wiki: unakibonyeza, kisha unabonyeza kitu usichokielewa, na ukurasa wake unafunguka. Huo ndio mlango wa wageni, ule alioueleza Katriji kwa mfano wa miongozo. Ninyi hamtapata kitufe ndani ya eFootball, ila mna jambo moja ambalo majukwaa ya Kiingereza hayana, yaani maswali yanayoulizwa kwa Kiswahili na watu wanaocheza kwa simu za bei ndogo na bando za siku moja. Anzeni na kurasa thelathini au arobaini za majibu hayo, zikiwa na vichwa vilivyoandikwa kama mtu anavyouliza. Karma na ngazi zinaweza kusubiri mwaka mzima na hakuna atakayezikosa.

Msafiri wa Seva

Nimesahau kuuliza, mkuu: jina la tovuti litasajiliwa kwa nani? ResetEra iliuzwa mwaka 2021 kwa kampuni ya Uswidi, MOBA Network, kwa dola milioni 4.55. Waliokuwa wakiandika humo kila siku hawakuwa na hisa wala kura, kama vile ambavyo hawakuwa nazo kule walikotoka.

Mlinda Goli

Limeshasajiliwa, tena na mmoja wa wale wawili wenye hasira, kwa barua pepe yake binafsi. Kikao chetu ni Jumamosi, nami nimeliweka hilo kuwa ajenda ya kwanza, kabla ya ubao wowote kufunguliwa.