Soli za ndani za viatu: za jeli, zenye tao gumu au za kuchongwa?

Kibosho_Juu: Habari za jioni wakuu. Nipo Moshi, nataka kununua soli za ndani za viatu kabla ya wikiendi, kisigino kinasumbua sana. Dukani nimeonyeshwa za jeli kwa 15,000 na ngumu zenye tao la plastiki, ule mwinuko wa katikati ya unyayo, kwa 55,000. Jamaa mwingine anasema niache zote nikachongewe kwa vipimo. Zipi zinafaa? Aliyewahi kutumia anisaidie.

Chalii_Sakina: Chukua zenye tao mkuu. Mimi mpagazi, nilianza na jeli, wiki ya kwanza unaona raha, baada ya mwezi imelala kama chapati pale pale kisigino kinapokanyaga. Zenye tao nimepandia mlima msimu mzima na bado zimesimama.

Fizio_KLM: Kabla hatujashauri, jibu haya. Kinauma asubuhi ukishuka kitandani au jioni? Umri? Viatu gani? Unasimama saa ngapi kwa siku? Sukari ipo?

MamaNeema: Na ni kisigino cha nani, maana umeandika "kinasumbua" hujasema cha kwako.

Fundi_Kaloleni: Wakati tunamsubiri, wengi wanaharibu hapa: toa kwanza soli iliyokuja na kiatu ndio uweke mpya. Ukipandisha juu ya ya zamani mguu unainuka, kisigino kinachomoka kila hatua, vidole vinagusa juu. Kiatu kikiwa cha kubana tafuta zile za robo tatu, zinaishia kabla hujafika kwenye vidole. Na kapime jioni mguu ukiwa umeshavimba.

Olmotonyi_Mzee: Vijana mnamaliza hela. Mimi na katambuga za tairi nimechunga ng'ombe miaka yote na kisigino sijawahi kukisikia.

Chalii_Sakina: Mzee shikamoo, lakini wewe ulikuwa unakanyaga udongo. Mtu anayesimama kwenye zege kutwa nzima siyo sawa na wewe.

Olmotonyi_Mzee: Marahaba. Mawe ya huku kwetu ni laini kuliko zege?

Kibosho_Juu: Samahanini nilikuwa sokoni. Ni za mama yangu, ana miaka 61, anauza ndizi soko la Mbuyuni, anasimama toka saa kumi na mbili asubuhi. Anavaa raba za mtumba. Kinauma hatua za kwanza asubuhi, akitembea kidogo kinaachia. Sukari anayo mwaka wa nane huu. Halafu kuna kitu anasema, vidoleni anajisikia kama kavaa soksi na hajavaa.

Fizio_KLM: Hiyo ya soksi ndiyo ungeanza nayo ndugu yangu. Leo usiku fanya hivi: mama alale chali afumbe macho, umguse taratibu ncha ya kidole gumba, cha katikati na kidogo, miguu yote miwili, sekunde moja tu bila kubonyeza. Jumla sita. Kila ukigusa akuambie. Akikosa viwili au zaidi hisia zimepungua, na hapo usinunue zile ngumu.

MamaNeema: Nakuomba msikilize huyo. Baba mkwe wangu ana sukari, mwaka juzi watoto wakamletea soli ngumu za plastiki walizonunua kwa muuzaji wa kupita, kwa nia njema kabisa. Jumapili akavaa, akaenda kanisani kwa miguu, akarudi kwa miguu, akakaa na wageni mpaka saa mbili usiku, hajalalamika hata kidogo. Mimi ndiye nilimvua viatu. Soksi ya kulia ilikuwa imeganda, nikailoweka kwa maji ndio ikatoka, na chini ya kidole gumba kulikuwa na shimo la ukubwa wa shilingi. Ukingo wa ile soli ulikuwa umemsaga siku nzima na yeye hajui. Tumesafisha kile kidonda miezi minne. Nilikuwa nabadilisha bandeji namwangalia usoni nione kama anaumia, hakuna kitu.

Chalii_Sakina: Pole sana mama. Mkuu, ule ushauri wangu uache, mimi nilidhani ni kijana mwenzangu.

Fizio_KLM: Chalii hujakosea kwa mtu mwenye hisia zake. Kwa maumivu ya kisigino ya kawaida, tafiti zilizolinganisha za dukani na za kuchongwa hazikuona tofauti kubwa ya nafuu. Unaanza kuvaa saa moja, kesho mbili, unaongeza hivyo hivyo, na asubuhi kabla ya kushuka kitandani unavuta vidole kwa khanga. Ila mguu wenye ganzi unataka soli laini iliyofinyangwa kufuata unyayo wote ili uzito usibaki sehemu moja, tena ndani ya kiatu chenye kina. Upo Moshi, chuo cha TATCOT kipo hapo hapo hospitali ya KCMC, wanafundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya miguu tangu 1981. Pitia kliniki yake ya sukari kwanza, uombe wakuelekeze huko.

Mama_Jay: Jamani nami wangu ana miaka 3 unyayo wote unalala chini, nimnunulie?

Fizio_KLM: Asimame kwa vidole. Tao likitokea na haumii, mwache acheze, kwa umri huo ni kawaida.

Kibosho_Juu: Nimempima. Kapata vinne. Kidole kidogo cha kushoto nilikuwa bado nimekigusa ananiuliza "unaanza lini?" Sijalala vizuri. Sasa hataki kwenda kliniki Jumatatu, anasema ndio siku mzigo unashuka kutoka Rombo.

MamaNeema: Mzigo ushushe wewe baba. Na kila asubuhi ingiza mkono ndani ya raba kabla hajavaa, papasa mpaka mbele.

Fundi_Kaloleni: Anavaa namba ngapi? Wiki hii naenda soko la mitumba la Memorial, nikiona yenye kina nitamwekea.

Kibosho_Juu: 39 fundi. Ila anasema zinambana kidogo.

Fundi_Kaloleni: Basi siyo 39 hiyo. Asimame kwenye karatasi, uchore mguu wote kwa kalamu, unitumie picha.

Olmotonyi_Mzee: Katambuga hazibani.