Kamba ya kuinulia ubao wa katikati inakatika kila mara, niweke ya unene gani?

NangaMbovu: Wakuu, habari za muda huu. Nina boti ndogo ya tanga, ile yenye ubao wa katikati, ule unaoshushwa majini chini ya boti ili isisukumwe kando, unaozunguka kwenye bolti ndani ya sanduku lake. Kamba ya kuinulia inakatika, nabadilisha, inakatika tena palepale. Ni poliesta ya mm 6. Nataka kuhamia Dyneema, ile kamba nyembamba yenye nguvu sana, ya mm 4. Inatosha au niende mm 5? Naombeni jibu mapema, wikiendi nataka kuingia majini.

Chumvi Tele: Nimekaa pale nasubiri wajuzi.

Mzee wa Omo: Unene si tatizo. Dyneema ya mm 4 huvumilia zaidi ya tani moja. Kamba inayokatika palepale kila mara inasagwa. Pitisha kidole kwenye mdomo wa sanduku, utakuta ukingo mkali, au kapi ambalo gurudumu lake limekwama. Anza na msasa.

Bibi Henza: Umenikumbusha yangu. Ubao ulikuwa wa mbao, unaelea na kupanda wenyewe. Nikaufungia kamba ya mpira ya kuushusha. Ikachomoka, ikanichapa usoni, miwani ikaenda na maji. Mpira na mimi tukaachana.

KapiMbili: Mkuu, ubao wako ni wa mbao au faiba? Wa mbao hauna uzito wa kukata mm 6.

NangaMbovu: Ulikuwa wa mbao.

KapiMbili: "Ulikuwa"? Na sasa?

NangaMbovu: Nimeweka bamba la chuma, mm 8. Mbao ilipinda ikawa inakwama. Sioni linahusiana vipi na kamba, tena boti imetulia kuliko mwanzo. Na hiyo Dyneema ya mm 4 nimeshanunua, tundu la kliti (kibano cha kushikia kamba) nimeshatoboa, kwa hiyo tujadili kamba tu.

Mzee wa Omo: Hahaha, eti tujadili kamba tu. Bamba lina ukubwa gani? Kamba umeifunga wapi?

NangaMbovu: Mita 1 kwa sm 35. Nimefunga kona ya juu, sm 15 toka kwenye bolti.

Fundi Mkaidi: Ndiyo shida yenu vijana. Mwenzako aliunda boti kwa hesabu, wewe unaingia na grinda. Heshimuni kazi za watu.

KapiMbili: Bamba hilo ni kilo 22. Uzito wake umekaa karibu sm 50 toka kwenye bolti, wewe unavutia sm 15. Likikaribia kulala, kamba inabeba kama kilo 73, na majini chuma hupungua sehemu moja ya nane tu. Unavuta hivyohivyo bila makapi, na usukani umeshika? Hii chai.

Chumvi Tele: Uzi bila picha, nilijua tu.

Bibi Henza: Hata mimi nilishtuka. Mtu ananunua kwanza halafu ndiyo anauliza?

NangaMbovu: Chai ya nini? Nani kasema nimeshika usukani? Tunavuta wawili, mmoja kakanyagia sanduku kwa miguu yote miwili. Nyie mna hesabu, mimi nina viganja vilivyochubuka.

KapiMbili: Wawili! Si ungesema toka mwanzo. Sawa, nimekuelewa. Funga makapi mafungu mawili, moja la kupunguza uzito mara mbili, likivutwa na jingine la mara tatu, upate sita kwa moja. Mkononi zitabaki kilo 12 hivi ukiacha msuguano, ila utavuta kama mita moja na robo ya kamba kulipandisha lote. Dyneema yako iweke upande wa bamba tu. Isukie kitanzi mwishoni, usifunge fundo, itateleza. Upande wa mkono weka poliesta ya mm 8, mm 4 itakukata vidole. Na ya zamani usiichomoe kabla hujaifungia uzi mwembamba wa kuvutia mpya.

Mzee wa Omo: Nakazia. Ila boti ikibinuka chini juu, chuma hicho kitarudi sandukuni chenyewe na utakosa pa kukanyaga kuigeuza. Weka na kamba ya kulizuia lisirudi, yenye kibano kinachoachia chenyewe bamba likigonga mwamba.

NangaMbovu: Sasa hicho kibano nikiweke wapi? Tundu nimeshatoboa kwa kliti moja tu.

Mzee wa Omo: Toboa jingine.

Chumvi Tele: Na safari hii apige picha.