Wauzaji wa watoto wa mbwa, acheni kutuficha mama zao na kutuuzia wagonjwa

Ndugu wanajamvi, naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Mtoto wa German Shepherd tuliyemnunua hapa Dar es Salaam amekufa kwa parvo, ugonjwa wa kirusi unaoshambulia utumbo wa mbwa, kabla wiki haijaisha, na mtu aliyetuuzia, akiwa ameshapokea fedha yake yote, amenijibu kwa ujumbe mmoja tu: "Bosi, mbwa alitoka kwangu mzima, kama mmemlisha vibaya hayo ni yenu."

Jibu hilo ni la uongo, na kila anayezalisha mbwa kwa biashara anajua hivyo. Kirusi cha parvo kikishaingia mwilini huchukua takriban siku 3 hadi 7 kabla ya dalili kuonekana. Mtoto wetu alianza kutapika na kuharisha damu usiku wa pili tangu afike nyumbani, maana yake ni kwamba alipotiwa kwenye boksi na kupakiwa kwenye bodaboda ugonjwa alikuwa nao tayari, na huenda ndugu zake wa uzao ule walikuwa nao pia. Daktari wa mifugo alimwekea dripu na kumchoma sindano za kuzuia maambukizi mengine, lakini hakuna dawa ya kawaida inayokiua kirusi chenyewe. Mnyama husaidiwa tu ili mwili wake upigane, na mwili ule ulikuwa mdogo mno, tena umejaa minyoo.

Tuliambiwa ana miezi miwili. Daktari alipomfungua kinywa, meno ya nyuma ndiyo kwanza yalikuwa yanachomoza, akakadiria kuwa hajapita wiki ya 5 au ya 6. Hesabu ya muuzaji haihitaji maelezo marefu: kuanzia wiki ya 4 watoto huanza kula chakula kigumu, uzao mzima unakula, dawa za minyoo zinahitajika na chanjo ya kwanza inakaribia, kwa hiyo anawaondoa mapema ili gharama hizo zimwangukie mnunuzi. Mtoto wa mbwa hapaswi kutengwa na mama yake kabla ya wiki ya 8.

Kuhusu kadi ya chanjo, nawaomba msome kwa makini, kwa sababu hapa ndipo wengi wanaibiwa. Kadi yetu ilikuwa na tarehe na saini, na iliandikwa kwamba mbwa amemaliza chanjo zote. Jambo hilo haliwezekani kwa umri ule. Chanjo ya parvo huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8, kisha hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka afikishe angalau wiki 16, kwa kuwa kinga aliyoipata kwenye maziwa ya mama huweza kuizuia chanjo isifanye kazi. Na ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa akiwa na miezi 3. Kadi ya kweli huwa na jina na mhuri wa daktari unayeweza kumpigia simu, pamoja na lebo iliyobanduliwa kwenye kichupa cha chanjo ikionyesha namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi.

Tuliomba kumwona mama. Kwanza tukaambiwa ni mkali, baadaye tukaambiwa yuko shambani Kibaha, na mwishowe tukaletewa mtoto kwenye kituo cha mafuta. Mama hufichwa kwa sababu angetoboa siri yote: mbavu zinazohesabika, chuchu zilizoning'inia kwa kuzalishwa kila anapoingia kwenye joto, banda lenye kinyesi cha wiki nzima. Uingereza waliliona hili, na tangu Aprili 2020 muuzaji wa kibiashara anatakiwa kukuonyesha mtoto akiwa pamoja na mama yake mahali alipozaliwa. Sisi tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inayokataza kumtesa mnyama, lakini biashara hii inaendelea mitandaoni mchana kweupe.

Kilichonikasirisha kuliko yote ni kwamba, nilipomtishia kwenda polisi, alijitolea kuniletea mtoto mwingine kwa nusu bei. Kirusi hiki hukaa kwenye udongo wa uani kwa miezi mingi na sabuni ya kawaida haikiui, hivyo mtoto asiye na kinga akiletwa hapa anaweza kufa vilevile, na huyo bwana angepokea fedha mara ya pili.

Kama umenunua mtoto mweusi mwenye kahawia, karibuni hivi, kwa muuzaji anayekabidhi mbwa kwenye vituo vya mafuta kandokando ya Barabara ya Morogoro, mpeleke kwa daktari wa mifugo leo hata kama anacheza, na usimchanganye na mbwa wengine. Kadi aliyokupa usiitupe. Ipige picha uniandikie faraghani, kwa maana nakusudia kufungua malalamiko na ushahidi wa mtu mmoja hautatosha.